Moshi wa Ngabile

Jiko la mama yangu halikuwa na mlango,
lilikuwa na gunia la mbolea lililoning'inia,
na Tukuyu mvua hainyeshi, inahamia:
huingia Novemba na masanduku yake
na hadi Mei hatujaiona ikifungasha.

Kwa hiyo wanawake walikuja kwetu kuota moto.
Ndivyo walivyowaaga waume zao.
Anyisile alikuja na ungo wa maharage ya kuchambua,
Tupokigwe na sweta la kijani lisilokwisha,
ambalo mikono yake haikulingana mpaka leo.
Bibi Sigile hakuja na kitu, alikuja na kinywa,
akaachiwa kigoda cha karibu na mafiga.

Mimi nilikuwa mtoto wa kumenya ndizi.
Utomvu ulinigeuza vidole vyeusi,
na mtoto wa kumenya ndizi hana masikio,
wote walikubaliana hivyo.

Nikasikia
kwamba karani wa ushirika anapima chai yetu
kwa mizani na kidole cha mguu;
kwamba mke wa mwinjilisti ana kitenge cha pili
na mwinjilisti anakijua cha kwanza tu;
kwamba Ambwene amerudi kutoka Mbeya mjini
na jino la dhahabu, nauli ya kurudi hana.

Bibi Sigile hakusema, alipika.
Alitaja jina, akalinyamazia,
akasukuma ukuni ndani,
akatuacha sisi tuungue.
"Sikuwepo," alisema, "ila nilikuwa karibu."
Alijua kukohoa mahali pa nukta.
Akimwigiza karani, shingo yake ilirefuka,
na Anyisile akacheka mpaka maharage mabovu
yakarudi upande wa mazima.
Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu aliandika ubaoni:
taharuki.
Nikanakili kwa adabu.

Aprili moja, ukungu umelala mgombani
kama ng'ombe aliyegoma,
Tupokigwe alihesabu mishono,
akasema bila kuinua uso:
"Kwa Ngabile hapajafuka moshi tangu jana."

"Labda amekwenda kwao Masoko."
"Kandambili zake ziko barazani. Zote mbili."
"Labda ana mgeni."
Wakacheka kidogo, kicheko kikafa chenyewe.
"Jana hakuja kisimani."
"Juzi alinunua chumvi ya shilingi mia. Kila siku ni ya mia mbili."
"Na yule mumewe, Chunya, kwenye dhahabu, mwezi wa tatu huu."
Kila mmoja akatoa alichokificha chini ya khanga,
kipande hiki, kipande kile,
wakamshona Ngabile pale sakafuni
mpaka nikamwona: amelala ubavu,
tumbo la miezi saba, majivu baridi.

Hakuna aliyesema twende.
Anyisile alichota makaa kwa kigae.
Mama alininyang'anya ndizi,
nusu zimemenywa, nusu bado.
Bibi Sigile, mwenye magoti mabaya, alitangulia.

Waliwasha moto kwanza,
ndipo wakamsalimu: ugonile?
Homa ilikuwa imemjibia.
Wanaume walifika baadaye na machela,
wakajisifu njia nzima.

Jumapili mwinjilisti alihubiri juu ya ulimi,
kwamba cheche ndogo huteketeza msitu.
Mama akaniinamia sikioni:
"Na chai yake huwa anachemshia nini?"

Yule mtoto siku hizi anaendesha lori la viazi.
Hupita hapa akipiga honi, sauti kubwa, mkono nje,
hajui kwamba yu hai kwa sababu ya chumvi
iliyopungua shilingi mia.

Lakini arobaini ilipokwisha
Ngabile alisukuma gunia, akaingia,
mtoto mgongoni, mvua mabegani.
Wakamsogezea kigoda.
Akatutazama mmoja mmoja, hata mimi na kisu changu.
"Haya," akasema. "Siku ile mlikuwa mnanisema nini?"

Bibi Sigile akakohoa.
Akasukuma ukuni ndani.